Alama Mia Nane na Kumi na Nane

Siku ya kwanza ya kukusanya maoni, mhudumu wa ofisi ya mipaka ya majimbo alifuta meza mbili kwa kitambaa chenye maji, akaweka juu ya kila meza pedi ya wino, rundo la fomu na tambara la kufutia vidole. Alikuwa mjane, mtu wa sala, asiye na haraka ya kusema. Akafungua mlango.

Utaratibu ulieleweka. Mkoa au mji ukitaka kugawanywa uwe majimbo mawili, ulete alama elfu moja za dole gumba. Kila jimbo hupata mbunge wake na hospitali yake. Mkoa wa Juu ulikuwa na jimbo moja na hospitali moja, huko mwisho kabisa wa barabara. Dada mkubwa wa mhudumu aliishi mkoa huo, mbali na hospitali, pamoja na binti yake mwenye mimba ya miezi saba. Mtoto wa kwanza wa huyo binti walimzika njiani kabla hawajafika hospitalini.

Watu elfu tisa waliteremka kutoka Juu kwa miguu. Wa kwanza alibonyeza dole, likatokea doa hafifu kama la jasho. Wa pili akabonyeza palepale, doa likakolea kidogo. Alipobonyeza wa kumi na moja, ikatokea alama moja, kamili, na mistari yake yote. Karani akaandika moja. Kwenye meza ya pili, watu wa mjini walibonyeza mara moja tu wakaenda zao.

Hakuna aliyeshangaa. Foleni ilisogea. Mhudumu ndiye aliyekunja uso.

"Wino huu mmeutia maji," alimwambia karani.

"Wino ni uleule, mama. Badilisha pedi ukitaka."

Akabadilisha. Akabadilisha na meza. Akaenda dukani, akanunua pedi mpya, akaifungua mwenyewe mbele za watu. Mambo yakawa yaleyale. Akajaribu dole lake kwenye karatasi chakavu: alama nzima. Yeye aliishi mjini tangu aolewe.

Siku ya nne wakafika wa mwisho, dada yake na binti, aliyekuwa akitembea polepole. Alama zilikuwa mia nane na kumi na nane, na hao wawili walibaki. Hawakutosha kutoa hata moja.

"Tumetoka tumbo moja," dada alisema akilikagua dole lake. "Wewe mtu mzima, mimi kipande cha mtu. Basi hata chai nitilie ya kipande."

"Dada, acha utani."

"Nikiuacha nitalia, mdogo wangu."

Mhudumu akachukua fomu, akaisoma neno kwa neno. Juu kabisa paliandikwa: *Mjini, watu kwa alama, 1. Juu, watu kwa alama, 11.* Haikuwa kazi ya kalamu. Ilikuwa imechapwa, na tarehe ya uchapaji ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

"Mlijuaje?" akamuuliza karani.

"Kujua nini, mama?"

"Kumi na moja."

Karani akafunika kalamu yake. "Fomu zililetwa hivyo. Mimi hujaza tu."

Wiki iliyofuata ripoti ilisomwa redioni. Mageuzi yamekwenda kwa haki, ilisema, kila alama imehesabiwa sawa na nyingine, na jimbo jipya limepewa mji, ambako watu elfu moja na arobaini walitoa alama elfu moja na arobaini. Msingi wa hospitali mpya ukachimbwa hapohapo mjini, nyuma ya ile ya zamani.

Siku za binti zilipokaribia, mhudumu aliomba likizo akapanda Juu. Uchungu ulianza adhuhuri. Gari la wagonjwa likaja, dereva akatoa fomu, maana bila alama hampakii mtu. Majirani wanane walikuja wakipangusa mikono kwenye nguo, wakabonyeza. Dada akabonyeza. Mhudumu naye akabonyeza, na dole lake likaongeza rangi kidogo tu, sawa na ya wenzake. Alikuwa amelala huko siku tisa. Akalitazama, akalifuta.

"Kumi," dereva alisema. "Bado mmoja."

"Mama mdogo, nishike," binti akasema. Akanyoosha mkono kutoka kwenye machela, akabonyeza. Alama ikatokea. Dereva akaipuliza ikauke, akaikunja fomu, akawaambia wafunge mlango vizuri, kwa sababu mwendo ulikuwa wa saa tano.