Seremala wa Sakafuni

Uweso bin Shekhe alikuwa amekaa barazani kwake, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, akijaza makumbi ya nazi ndani ya viatu vya watu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya Laurenti, mpangaji wa chumba cha uani, mtu wa bara aliyekuja Tanga kufanya kazi ya reli. Laurenti alikuwa mrefu, na miguu yake haikubaki nyuma. Uweso alishindilia makumbi kwa kidole gumba, akatia mguu, akautoa, akaongeza mengine.

"Baba Mboni, hebu simama nikuone," alisema Semeni, mkewe, bila kuacha kugeuza vitumbua vyake. Siku hizo vitumbua vya Semeni vilikuwa vimeanza kupungua unene, maana mchele ulikuwa umepanda na wateja hawakutaka kusikia habari hiyo.

Uweso alisimama, akapiga hatua tatu. Semeni akaweka chini kijiti chake ili acheke vizuri.

"Watembea kama kuku wa kununuliwa jana!"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Uweso alijibu. "Acha niburure kamba leo. Kesho nitakuwa mwenyeji."

Kicheko kilikuwa cha kuficha wasiwasi, na wote wawili walijua. Uweso alikuwa na mwaka wa tisa katika karakana ya serikali kule bandarini. Mlango aliouchonga yeye ulikuwa haulii wala haukwami, masika wala kiangazi, na mabwana wa Kizungu wa Raskazone wakitaka kabati walimtaja yeye kwa jina. Lakini katika daftari la karakana aliandikwa kibarua, sawasawa na wafagiaji. Ndipo mwaka ule wa hamsini na sita serikali ikaleta jambo jipya, mtihani wa ufundi. Mtu yeyote, awe amesoma au hakusoma, aje atoe ujuzi wake, apimwe, apewe cheti. Atakayepata daraja la pili angeandikwa fundi wa kudumu. Asiyepata cheti, kuanzia mwezi utakaoandama, asingeshika tena patasi katika karakana ya serikali. Angebeba mbao tu.

Tuseme kweli, halikuwa wazo baya. Kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa inamuuliza mtu mikono yake inajua nini, isimuulize baba yake ni nani wala alisoma shule gani. Uweso alilipenda jambo hilo tangu siku lilipotangazwa. Mwezi mzima alikuwa akijifunza uani kila akitoka kazini, akichonga viungo na kuvitupa jikoni kwa Semeni viwe kuni, mpaka Semeni akasema hajapata kupikia kuni zilizopigwa randa.

Kosa lake lilikuwa moja. Alijifunza vile alivyofundishwa na baba yake, na baba yake na babu yake, kwa kukaa kitako chini. Seremala wa pwani hukaa sakafuni, mbao akaibana kwa nyayo, na kidole gumba cha mguu kikawa mkono wake wa tatu. Katika karakana walikuwa wamemwachia pembe yake ya nyuma na gunia lake, kwa kuwa kazi ilitoka. Kwamba siku ya mtihani mtu atapimwa na namna ya kusimama, hilo halikumpitia akilini. Alisikia kwamba mtihanini viatu ni sheria, akaazima viatu, akadhani yamekwisha.

Asubuhi ya mtihani, langoni mwa karakana, alimkuta Zubeiri, karani, amekaa nyuma ya kijimeza na orodha ya majina. Zubeiri alikuwa mtoto wa barabara ya nane, na Uweso alimjua tangu akipita uchi. Lakini kalamu humpa mtu urefu.

"Jina?"

"Zubeiri, hulijui jina langu?"

"Hapa hapana kujuana, mzee. Jina."

Akalitaja. Zubeiri akainama kutazama viatu chini ya meza, akaguna, akampa kipande cha karatasi chenye namba kumi na saba.

Ndani, watu kumi na tisa walipangwa kila mmoja na meza yake ya kazi, meza nzito iliyofika kiunoni, na pembeni mwake jiriwa, lile taya la chuma la kubania mbao. Mwalimu aliyesimamia alikuwa Noa, kijana wa Kibondei kutoka Magila, aliyesomea ufundi bara akarudi na daraja la kwanza. Cheti hakikumvimbisha kichwa. Alipita meza hadi meza akisalimu, na alipofika kwa Uweso akainamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wamenipa meza ndefu kama jeneza?"

Noa alitabasamu, lakini macho yake yalishuka kwenye viatu vile vikubwa, na tabasamu likapungua.

Mpimaji mwenyewe alikuwa Mzungu aliyekuja kwa meli kutoka Dar es Salaam, Bwana Hobsoni, mtu mkavu mwenye miwani na Kiswahili cha vitabuni. Alieleza kazi: fremu ya dirisha dogo, vipande vinne vya mvule, viungo vya ulimi na tundu, bila msumari, bila gundi. Saa mbili mpaka saa saba. Kila mtu amepewa na kipande kimoja cha akiba. Akiharibu cha pili, basi.

Uweso akabana mbao yake ya kwanza. Jiriwa likauma mvule kwa ukatili usio na maana, likaacha alama. Akalegeza, mbao ikacheza. Akakaza tena. Akasimama, akashika msumeno, na hapo ndipo alipogundua kwamba hajui aweke wapi mwili wake. Miaka thelathini mbao ilikuwa imelala chini ya macho yake, naye akiisikia kwa nyayo ikitetema kabla haijapasuka. Sasa ilikuwa imefungwa mbali, haisemi kitu, na yeye juu yake anayumba ndani ya makumbi. Alikata. Msumeno ulipotea njia kidogo tu, upana wa ukucha. Akaingiza patasi kurekebisha, mguu wa kushoto ukateleza ndani ya kiatu, na ulimi ukapasuka wote ukaanguka sakafuni.

Jirani yake, Luka wa Pongwe, alitazama mara moja akageuza uso. Huo ndio uungwana wa mafundi. Uweso alihisi masikio yanawaka moto. Mtu mzima wa miaka arubaini na sita, aibu imemjaa, na saa ya ukutani inasema saa nne kasoro.

Akaishika mbao ya akiba. Akaitazama meza. Akainama, akafungua kamba za viatu vya Laurenti, akavivua, akavipanga pembeni vizuri kwa kuwa ni vya watu. Kisha akatandaza gunia la vyombo vyake juu ya saruji, akasema bismillahi, akakaa kitako.

"Wee mzee! Wee!" Zubeiri alikuja mbio kutoka mlangoni. "Wafanya nini? Hapa si uani kwako! Huoni wenzio wamesimama?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, yakhe. Niache."

"Viatu ni sheria! Toka nje!"

Vyombo vikanyamaza ukumbi mzima. Bwana Hobsoni aliinua kichwa. Noa alifika kabla yake, na watu waliokuwapo wanasema hawakupata kumwona kijana yule akitembea haraka namna ile. Hakumtazama Uweso. Alimwendea Mzungu akiwa na fomu mkononi.

"Bwana, fomu inasema asiyevaa viatu akatwe alama. Asiyetumia meza akatwe alama. Haisemi afukuzwe."

Bwana Hobsoni alisoma fomu, akaigeuza nyuma, akasoma tena. "Ni kweli," alisema. "Aendelee. Alama zitakatwa."

Uweso hakusikia zaidi ya neno moja, aendelee. Alikuwa amekwisha kuibana mbao kwa visigino.

Tangu hapo, kila aliyekuwa na nafasi ya kuiba jicho aliiba. Miguu yake iliigeuza mbao bila yeye kuiambia. Kidole gumba kilisogea kikashika ukingo, unyayo ukakandamiza, patasi ikashuka, mvule ukatoa magamba membamba yanayojikunja. Hakushika penseli hata mara moja. Wenzake walikuwa wameandika kila kipande herufi, A kwa A, B kwa B, wasije wakachanganya. Yeye alipapasa kila ulimi kwa kidole, akaupunguza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kila mmoja ukawa wa tundu lake peke yake. Saa sita ilipopita alikuwa anaimba pole pole. Noa alipita mara mbili nyuma yake, na mara ya pili alisimama akasahau kuondoka.

Saa saba kengele ikalia. Fremu ya namba kumi na saba ilikuwa juu ya gunia, imekamilika.

Bwana Hobsoni alipima za watu wote kwa haki, na hilo lazima asifiwe nalo. Alipofika ya Uweso aliweka chuma cha kupimia pembe, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akaiinua kuelekea dirishani atafute mwanga kwenye viungo, hakuona. Akatoa karatasi ya kusokotea sigara, nyembamba kama ganda la kitunguu, akajaribu kuiingiza; haikuingia popote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Miaka ishirini ninapima," alisema. "Kazi kama hii nimeona mara mbili."

Kisha Mzungu akakaa akajumlisha, na sauti yake ikabadilika ikawa ya kusoma.

"Kazi, hamsini kwa hamsini. Kusimama mezani, hapana. Viatu, hapana. Kutia alama za penseli, hapana. Usafi wa vyombo, tano kwa tano. Jumla hamsini na tano. Daraja la pili linataka sitini." Akaweka kalamu chini. "Hukupata. Samahani sana, fundi."

Alimwita fundi yule yule aliyemnyima ufundi, na Uweso aliona kwamba samahani ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomuuma zaidi. Angekuwa mtu mbaya, mtu angemchukia akapumua.

"Luka je?" aliuliza.

"Sitini na mbili."

"Alhamdulillahi," Uweso alisema, na alimaanisha. Luka alitazama chini. Fremu ya Luka ilikuwa na mwanga kona mbili.

Uweso alianza kukusanya vyombo vyake. Bwana Hobsoni akakohoa.

"Jambo moja. Shule mpya ya ufundi itafunguliwa. Fremu hii nataka itundikwe ukutani, wanafunzi waone. Itawekwa kibao: Kazi ya Daraja la Kwanza."

"Heshima hiyo, mzee!" Zubeiri alidakia.

"Na jina la aliyeifanya?" Uweso aliuliza.

Mzungu alitazama fomu yake kama mtu anayetafuta mlango. "Taratibu haziruhusu kuandika jina la mtu ambaye hakufaulu."

Uweso alitikisa kichwa taratibu. Akaipakata fremu, akachukua nyundo ya mti, akagonga mara moja hapa, mara moja pale, mara mbili kule. Fremu ikaachana. Akavipanga vile vipande vinne juu ya meza ndefu, vimenyooka.

"Mbao za serikali, Bwana. Nimezirudisha zote."

"Mimi nitaiunga," Zubeiri alisema, akajaribu. Ulimi ukagoma mlangoni mwa tundu. Akajaribu mwingine. Noa, mwenye daraja la kwanza, akamwondoa kwa upole, akavigeuza vipande mikononi muda mrefu, akapapasa, akajaribu, akatoa. Hapakuwa na A wala B. Alipoinua uso, jasho lilikuwa limemtoka, na uso wenyewe ulijaa mapenzi ya kazi ile hata mtu angemwonea huruma.

"Fundi," alisema, "nimeshindwa. Nakuomba. Wale watoto wa shuleni wasipoiona hii, watadhani kazi nzuri ni ile yangu."

Uweso alimtazama. Maneno hayo hayakuandikwa kwenye fomu yoyote, na kijana aliyasema mbele ya mkubwa wake. Noa akatoa penseli sikioni kwake, akamnyoshea, akamwekea kidole juu ya ulimi wa kipande cha juu, pale ambapo pakishaingia tunduni hapaonekani.

Bwana Hobsoni alikuwa anatazama. Kisha akageuka akaenda dirishani, akaunga mikono nyuma, akaanza kuchunguza bahari kama kwamba nayo imekuja kufanyiwa mtihani.

Uweso akakaa chini. Akaubana ule ulimi kwa nyayo, akalamba ncha ya penseli, na kwa herufi za Kiarabu za chuoni, kutoka kulia kwenda kushoto, akaandika: Uweso bin Shekhe, Tanga. Akaupuliza. Akauingiza tunduni, akagonga, na jina likazama ndani ya mvule. Akafunga kona ya pili, ya tatu, ya nne. Akampa Noa fremu nzima.

Mwezi ukiandama angebeba mbao tu, na wote waliokuwamo walijua. Zubeiri, ambaye alikuwa ameona kila kitu, alikuwa bado ameduwaa kando ya meza.

"Sasa faida gani, mzee?" aliuliza kwa sauti ya chini, na safari hii bila ukarani. "Humo ndani nani atalisoma?"

"Atakayeweza kuifungua," Uweso alisema, akavichukua viatu vya Laurenti akatoka.