Siku Tuliyoacha Mshumaa Juu

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchimba visima, miaka thelathini na kitu. Msiniulize hicho kitu ni ngapi, maana shule niliishia darasa la tatu na hesabu niliziacha huko huko. Lakini kisima nakijua. Nikishika udongo mkononi naweza kukwambia maji yako karibu au bado tuna jasho la kumwaga.

Na kisima kina sheria moja. Kabla mtu hajashuka, unashuka kwanza mshumaa. Unauwasha, unausimamisha ndani ya kopo la maziwa, unalifunga kopo kamba, unalishusha taratibu mpaka chini kabisa. Ukiendelea kuwaka, mtu anashuka. Ukizimika, mguu wa mtu hauingii, kuna hewa mbaya humo, haina harufu wala rangi, unaivuta mara mbili na ya tatu huivuti. Huo mshumaa sisi tuliuita bosi. "Bosi kasemaje leo?" "Bosi kafa." Basi, tunakunja kamba, tunarudi nyumbani.

Tulikuwa watatu. Mimi na kamba yangu. Jamaa mmoja tuliyemwita Winchi kwa ajili ya ile mikono yake, yeye ndiye mzungusha roda, ile ya kushushia na kupandishia kamba. Na kitindamimba wangu, miaka thelathini na moja, baba wa mtoto mmoja, yeye ndiye mchimbaji wa chini. Alikuwa na mabega kama mlango. Akishuka huko chini anaimba nyimbo za kwaya, sauti inapanda juu imekuwa nzito, Winchi anamwambia, "Nyamaza bwana, utawaamsha waliozikwa!"

Sasa kanisa letu likataka kisima. Nikasema hicho tutachimba kwa moyo wote. Tukachimba wiki nne, tukafika futi arobaini na mbili, udongo ukaanza kuwa na unyevu. Jumamosi tukakifunika kwa mbao na turubai, Jumapili tukapumzika. Jumatatu asubuhi tunafika, tunakuta mchungaji na wazee wa kanisa na akina mama wamekizunguka. Wamesikia maji yako karibu, wamekuja kuombea. Basi tukafunua, tukavua kofia, mchungaji akaomba. Akaomba sana. Akaweka mkono kwenye kichwa cha mwanangu, akasema malaika watamshika kulia na kushoto. Tukasema amina.

Mwanangu akakaa kwenye kigogo cha kamba, kile cha kushukia, miguu inaning'inia, akaniangalia. Akasema taratibu, "Baba, kopo?"

Kopo lilikuwa pale, jamani, hata hatua tatu hazifiki. Lakini watu wote wananiangalia, ile amina bado iko hewani, mimi nikaona haya. Nikaona nikishusha mshumaa sasa hivi, ni kama namwambia Mungu simwamini. Nikasema kwa sauti, ili wazee wasikie, "Tumetoka kuomba sasa hivi, wewe unataka kumpima Mungu?"

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Imani hiyo, fundi!" Mwanangu akacheka pia, akashuka.

Aliimba mpaka kama futi thelathini. Halafu wimbo ukakatika katikati ya neno. Halafu kamba ikawa nyepesi.

Sitaki kuwaambia yote. Tulimwaga maji ndoo kwa ndoo kusukuma ile hewa, tukafunga matawi kwenye kamba tukawa tunayapandisha na kuyashusha. Mimi nilitaka kuruka, wazee wanne walinikalia. Jua likiwa utosini ndipo Winchi alipofungwa kamba kiunoni, akashuka, akamleta. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyelala. Maji yalikuja kupatikana futi tatu tu chini ya pale alipoangukia. Watu wanasema ni matamu. Mimi sijayaonja.

Msibani mchungaji akasema Bwana amemwita mtumishi wake akiwa kazini. Watu wote wakasema ni mapenzi ya Mungu. Kila aliyenishika mkono, mapenzi ya Mungu, mapenzi ya Mungu. Na mimi nikanyamaza. Mwanzo nilinyamaza kwa uchungu. Baadaye nikanyamaza kwa sababu nimeona pazuri pa kujificha.

Winchi alijua. Hakusema. Aliacha kuja kwangu tu.

Mkwe wangu, mke wa marehemu, tuliishi naye nyumba moja, maana mke wangu alikwishatangulia. Ni fundi cherehani, cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la sebuleni. Ndiye anayenipikia, ndiye anayenifulia, na mtoto wake, mjukuu wangu wa miaka sita, tunamwita Chiriku maana mdomo haupumziki, ndiye aliyebaki kunifanya niamke asubuhi. Anakuja na kitana, ananichana ndevu, ananiambia, "Babu, leo unanuka moshi." Nikawa najua kabisa: siku nikifungua mdomo, mama yake anamchukua wanaondoka. Basi nikaufunga.

Lakini mkwe akaacha kwenda kanisani. Mchungaji akaja na akina mama wawili kumfariji. Hakusimamisha cherehani.

"Alikuwa anachimba kisima cha nani?" akawauliza.

"Cha Bwana, mama."

"Basi huyo Bwana wenu ana shukrani kweli! Angekufa baa ningeelewa. Angekufa kwa mwanamke mwingine ningeelewa, ningemzika na kumtukana. Lakini mmemwombea, mmemshika kichwa, dakika tano hazijapita. Mimi na huyo hatuzungumzi tena."

"Usikufuru, mwanangu," mchungaji akasema.

"Aniue na mimi, si anajua njia?"

Miezi saba ilikuwa hivyo. Miezi saba Mungu anatukanwa ndani ya nyumba yangu kwa kosa langu mimi, na mimi nimekaa hapo hapo nakunywa chai. Usiku sikuwa naomba, ningeanzia wapi?

Siku moja mchungaji akaniita, akasema, "Mzee, wewe ni baba yake. Ongea naye arudi, moyo wake unakuwa mgumu." Nikasema sawa. Nikarudi nyumbani mchana, mtoto yuko shule. Mkwe alikuwa anashona pindo la suruali ya mtu. Nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno ya mchungaji, yakagoma kutoka. Nikasikia nasema, "Mshumaa haukushushwa."

Mguu wake ukasimama.

Nikamwambia yote. Kopo, amina, wale watu, alivyoniuliza na nilivyomjibu. Nikamwambia, "Huyo unayemtukana hakumshusha mumeo. Ni mimi."

Halafu akasema, "Miezi saba ninakupikia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo." Akakata uzi kwa meno. "Na yeye? Si alikuwepo? Mlimwomba, si alisikia? Angeshindwa kuleta hata upepo mdogo? Angeshindwa kukupiga hata kofi, wewe mzee mwenye haya?"

Nilimwambia tu, "Sijui. Langu nalijua, lake silijui."

"Basi kaliseme lako kule kule mlikosemea la kwake."

Jumapili nikasimama wakati wa ushuhuda. Nikasema. Mchungaji akaja kunishika bega, akasema mzee wetu ana huzuni nyingi, tumwombee. Nikamwambia, "Huzuni ninayo, baba mchungaji, lakini akili ninazo pia. Kopo lilikuwa hatua tatu." Kiti cha nyuma kabisa Winchi analia kama mtoto. Mkwe alikuwa amesimama nje, mlangoni, hakuingia. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka.

Jumanne wakahama. Amepanga chumba karibu na kwao. Cherehani niliisukuma mimi kwa mkokoteni mpaka kituoni, hakunikataza. Chiriku akawa anauliza, "Babu, na wewe nguo zako ziko wapi?" Nikamwambia za kwangu zinafuliwa.

Siku hizi naomba tena, lakini si kama zamani. Simwulizi kwa nini. Nakaa tu kitandani namwambia, na wewe wako alikuita pale msalabani, ukanyamaza. Basi tunakaa hivyo, kama wazee wawili msibani, hakuna anayempa mwenzake pole. Sijui kama hiyo ni imani. Ndiyo niliyobaki nayo.

Pale kituoni, gari limeshawashwa, nilimwambia mkwe kupitia dirishani, "Nitakuombea."

"Usiniombee wewe," akasema. Akamweka mtoto vizuri mapajani, akamfunga kitambaa kichwani, vumbi lisimwingie. "Nikiwa na la kumwambia, nitamwambia mwenyewe."

Gari likaondoka. Nikageuza mkokoteni.