Jina la Kumlishia Samaki

Mimi samaki namjua akiwa kwenye sufuria, na nyanya na dania, basi. Kwa hivyo shemeji yangu Mulongo alipokuja na habari za kuweka samaki hai sebuleni kwangu, nilimwuliza kama amelewa.

"Shemeji, ni mmoja tu," akasema. "Chumba changu cha Mbotela hata kitanda kinaingia kwa shida. Wewe hapa Umoja una nafasi."

Nafasi ilikuwepo, sikatai. Mume wangu Makokha, kaka yake Mulongo, aliondoka na lori la mizigo kwenda Zaire, vita vikamkuta huko, na hakuna aliyemwona tena. Kampuni ilisema haijui. Madereva wenzake waliorudi kwa miguu walisema hawajui. Mwaka ukaenda hivyo. Binti yetu Lorine yuko shule ya bweni, kwa hivyo nyumbani tulibaki mimi na kiti cha Baba Lorine, ambacho sikumruhusu mtu kukikalia.

Sasa kwetu Bungoma, mtu akipotea muda mrefu namna hiyo, wazee hukata mgomba wakauzika mahali pa maiti yake. Kuanzia siku hiyo amekufa. Mke ananyolewa, anaitwa mjane, na ndugu wa marehemu anaulizwa kama atamchukua. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Kukhu, yaani bibi, kwa sababu ya wajukuu, alikuwa ameniambia waziwazi kwamba wazee wamechoka kungoja, na Desemba watazika. Nikamjibu kwamba mume wangu si mgomba. Nilimjibu kwa sauti ambayo mkaza mwana hafai kuitumia, na sijutii hata kidogo.

Nilimkubalia Mulongo samaki wake kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Kazi yake ilikuwa kuosha matangi ya samaki kwenye majumba ya matajiri, na mzungu mmoja aliyekuwa anahama nchi alimwachia huyu. Mbuthia, fundi wa vioo wa mtaa wa Tena, akaja kuunganisha tangi refu kuliko kochi langu. Wakamwaga mchanga laini chini, wakajaza maji, wakamtia.

Haki ya Mungu, sikuwahi kuona kitu kama kile. Alikuwa bapa na mviringo kama chapati, rangi ya kahawia yenye madoa meupe, na mkia mrefu wenye mwiba. Mulongo alisema anaitwa taa. Watu wa Pwani wanamjua taa wa baharini, lakini huyu alikuwa wa maji matamu, wa mito ya Amerika. Mdomo wake uko chini ya tumbo, kwa hivyo hakioni anachokula, anakilalia tu. Alizunguka tangi mara moja, akajifukia mchangani, akabakisha macho mawili nje. Macho yale yalielekea kiti cha Baba Lorine.

"Mgeuze," nikasema.

"Samaki hageuzwi, shemeji."

Vituko vilianzia kwenye maji. Umoja mzima unapigania mitungi, mifereji imekauka, na mimi Nerima samaki wangu ana mapipa yake! Maji ya mfereji ya kanjo yana dawa, ati lazima yalale kwenye pipa kwanza ndiyo dawa iishe, la sivyo atakufa. Mama Shiru jirani yangu aliacha kunisalimia kwa ajili hiyo. Na baada ya taabu yote ile, bwana mkubwa akakataa kula.

Mulongo alimletea vipande vya ngege, samaki wa ziwani, akakataa. Akamletea kamba wabichi waliotoka sijui hoteli gani, akakataa. Akachimba nyungunyungu nyuma ya choo, akawaosha vizuri, akawaangusha wakiwa hai karibu kabisa na uso wake. Taa wageni, alisema, hupenda kitu kinachojinyonganyonga. Nyungunyungu walijinyonganyonga mpaka wakafa. Samaki akakonda hadi mifupa ya pale mkia unapoanzia ikachomoza, na Mulongo naye akakonda, maana alimpenda yule mnyama kuliko watu.

Hapo ndipo Kukhu alipokuja kutoka nyumbani kunishawishi juu ya mgomba. Alimkuta Mulongo amepiga magoti mbele ya tangi, karibu alie.

"Amekataa titi?" Kukhu akauliza.

"Amekataa kila kitu, mama."

"Mmemwita majina?"

Mimi nikacheka. Kwetu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, au akikataa kunyonya, inajulikana kuna marehemu anayetaka aitwe jina lake. Bibi hukaa naye, akataja wafu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto akitulia na kushika titi, jina limepatikana. Lakini hilo ni jambo la mtoto! Nani aliwahi kumfanyia samaki? Kukhu hakunijali. Alivuta kigoda, akachukua nyungunyungu mmoja, akamning'iniza majini, akaanza. Akamwita baba mkwe wangu, taa kimya. Akamwita babu yake, kimya. Akawaita mashangazi, wajomba, mapacha waliokufa kwa surua. Mulongo naye alianza kucheka. Mvua ilikuwa inanyesha, na ilikuwa mchana, watoto wa ploti wanapiga kelele kwenye korido. Nasema hivyo mtu asidhani ilikuwa giza.

Majina yakamwishia. Akaangalia maji. Halafu akasema, polepole, "Makokha."

Mchanga ulitimka. Yule samaki alipanda juu moja kwa moja, akalaza tumbo lake kwenye vidole vya mama mkwe wangu, na aliposhuka nyungunyungu hakuwepo.

Nilimfukuza. Ndiyo, mama mkwe wangu, na mzigo wake, na mvua ile. Nilimwambia amemtia mwanawe kwenye orodha ya wafu ili wazee wapate kisingizio. Alikuwa analia, anasema, "Mwanangu, jina lilinitoka tu, na mimi nataka kujua," lakini sikutaka kusikia. Samaki alikuwa na njaa, nikajiambia, na njaa ilikuwa imefika kikomo tu. Angekula hata angeitwa Mbuthia.

Basi tukajaribu. Mbuthia mwenyewe alikuja kuziba mahali palipovuja, akasikia kisa, akacheka hadi akakohoa. Akamwita samaki majina ya wafu wote wa kwao Murang'a, na nyungunyungu mkononi. "Ngai, hakuna hata mmoja anataka minyoo!" akasema. Lakini Mulongo, akidhani niko jikoni, aliinama akanong'ona lile jina, na maji yakachafuka. Mbuthia aliacha kucheka. Alikusanya vifaa vyake na hakuja tena, hata nilipomwita abadilishe kioo cha dirisha.

Baada ya hapo Mulongo akasema samaki yule ana upweke, anataka wenzake. Akanieleza jinsi ya kuwachagua, na nilisikiliza kwa sababu alianza kuja kila siku na sikuwa na pa kukimbilia. Mwenzake taa asiwe mdogo, ataliwa. Asiwe mkorofi, atamng'ata kingo. Asiwe wa kujibandika na kunyonya, atamchuna ngozi. Asikae chini, maana chini ni kwa taa. Awe mkubwa, mpole, wa kuogelea juu juu na kumwachia mwenyewe nafasi yake.

"Kama mimi," akasema, akicheka. Siku hiyo nilitambua kwamba alikuwa amekaa kwenye kiti cha Baba Lorine.

Nilimwambia ainuke. Akainuka, lakini polepole. Mulongo hakuwa na mke, na wote tulijua Desemba wazee wangemtazama nani.

Alileta samaki wawili wapana wa rangi ya fedha, wapole kweli, wa kukaa juu. Asubuhi tuliwakuta wameelea, wamekufa, bila jeraha. Akapima maji, maji yalikuwa sawa. Akaleta wengine wa aina nyingine, wakubwa zaidi. Hao waliruka nje ya tangi, wakavuka ukingo wote na kufia kwenye zulia, tena wote upande wa mlango. Taa alikuwa mchangani, macho yale mawili nje, yakiangalia kiti. Mulongo alisema ni bahati mbaya. Mimi niliosha zulia, na moyoni nikasema, huyu hataki mtu nyumbani humu. Na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za El Niño zikimwagika kama zimelipiwa, Mulongo alikuja na ujumbe wa wazee. Siku ya mgomba ilikuwa imepangwa. Alizungumza akiwa amenipa mgongo, mikono tangini, akilainisha mchanga. Alisema wazee wamemwuliza, na yeye hakukataa. Alisema atanitunza, mimi na Lorine.

Sikupata nafasi ya kumtukana. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mwanamume, akauchomoa mkono, na damu inachuruzika. Mtu aliyeosha matangi miaka yote hiyo, aliyenifundisha mwenyewe kwamba taa hachomi asipokanyagwa au kushikwa! Nilichemsha maji, akautumbukiza mkono kwenye beseni, maana joto ndilo hupunguza sumu, na alilia kama mtoto. Alipotoka alisema, "Shemeji, kaka amenikataza." Hakurudi. Alituma ujumbe kwamba samaki ni wangu.

Kwa hivyo kumlisha kukawa juu yangu. Niliapa jina lile halitatoka kinywani mwangu kumwita mnyama. Na tena sikuwahi kulitamka hata mume wangu akiwepo. Tangu tuoane nilimwita Baba Lorine, na kabla ya Lorine nilimwita "wewe". Nikamning'inizia nyungunyungu kimya kimya. Akakataa. Mifupa ya mkiani ikachomoza tena. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikafunga mlango na dirisha, nikatia mkono majini.

"Makokha," nikasema.

Alikuja taratibu. Hakunyakua kama alivyowanyakulia wengine. Alijilaza juu ya kiganja changu, baridi, laini kama mlenda, akakaa hapo baada ya kumaliza kula. Nilimweleza ada ya Lorine, paa linavuja, Mama Shiru amenuna. Kuanzia hapo nilikuwa nikitoka sokoni natembea haraka kurudi nyumbani. Nilijiona mwendawazimu. Kila nilipolitaja jina, nilikuwa namwita kutoka kwa wafu, na bado nilishikilia kwamba yu hai. Nilitaka vyote viwili.

Kukhu alirudi siku moja kabla ya kuzika, Jumapili baada ya kanisa, kunichukua. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Mke asipokuwepo, tutazika nusu," akasema. "Njoo, mwanangu."

"Ingia," nikamwambia. "Ingia uone mwanao yu hai."

Nilikuwa nimelipanga swali langu kwa ujanja. Samaki yule hakuwahi kukataa chakula akiitwa jina lile, hata mara moja. Na asubuhi ile nilikuwa nimemnyima makusudi awe na njaa. Nilichagua nyungunyungu mnene kuliko wote. Kukhu alisimama nyuma yangu, ameshika kitambaa chake mdomoni.

"Makokha," nikasema kwa sauti, asikie vizuri. "Kama umekufa, usile. Kama uko hai, kula."

Mchanga ukatimka. Alikuja mbio, kwa njaa, nami nikamgeukia Kukhu nikitabasamu. Nikahisi tumbo lake likifunika kiganja changu. Nikahisi mdomo ukifunguka, ukamgusa nyungunyungu, ukamshika.

Ukamwachia.

"Kula," nikasema.

Hakusogea. Nyungunyungu alikuwa anajinyonganyonga katikati ya mkono wangu na tumbo lake.

"Kula, nakuomba. Sikuuliza vizuri. Baba Lorine, sikuuliza vizuri, kula tu!"

Alinibana kiganja, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayeagana. Halafu akateleza, akashuka hadi chini, akajipepetea mchanga mgongoni. Safari hii alifunika hata macho.

Nilibaki na mkono majini hadi vidole vikafa ganzi. Nyuma yangu nilisikia Kukhu akivuta pumzi, ile pumzi ndefu ya mwanamke anayetaka kuanza kilio, na nikageuka nikamziba mdomo kwa mkono wangu uliolowa.

"Ngoja, Kukhu," nikamwambia. "Huyu ni mume wangu. Naanza mimi."