Mionzi kwa Farasi wa Baba Mkwe

Daktari aliingiza vidole viwili shavuni mwa farasi, akatoa donge la pumba mbichi, bado lina joto. Akalishika mbele ya mzee.

"Hilo la jana," mzee alisema.

Mzee alikuwa baba mkwe wake, mzazi wa mumewe, mwalimu mstaafu wa kupanda farasi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mwenye farasi mwingine yeyote angeshapewa vidonge vyake. Huyu ilibidi kwanza aamkiwe.

"Baba, nilikueleza. Uvimbe uko karibu na jicho. Mashine ikimpiga mionzi anatakiwa awe amelala fofofo, akitikisika jicho limekwenda. Na hatumpi nusu kaputi akiwa amekula."

"Sikumlisha. Nimemwonjesha tu."

Wiki iliyopita ilikuwa karoti. Leo tena, watu sita waliokuja kumnyanyua farasi kwa winchi wakavua glavu, na nyuma ya kioo fundi wa mashine akainua macho darini.

Daktari alitoka nje, akalizunguka banda mara mbili huku akimsema mzee maneno yote ambayo asingethubutu kumwambia usoni. Akarudi amepoa kidogo.

"Baba, farasi atabaki hapa hospitalini mpaka amalize."

"Na mimi nibaki wapi?"

"Nyumbani. Kwa Mama."

Mzee alinuna siku tatu, simu ya mwanawe hapokei, akimwambia mkewe kwamba mkamwana amemnyang'anya farasi. Lakini mionzi ilipita, mara moja kila wiki, mara nne zote. Uvimbe uliokuwa mkubwa kama limau ukanywea, ukakauka, ukabanduka kama gamba.

Siku ya kumchukua farasi, mzee alifika amevaa koti lake la heshima. Alilikagua jicho kwa muda mrefu. Daktari alisubiri, akijidanganya moyoni kwamba leo ataambiwa asante.

"Hapa manyoya yameota meupe," mzee alisema. "Nilikuletea farasi kijana."

"Ni mionzi, Baba. Hayarudi kuwa meusi."

"Ungeniambia mapema."

Alikuwa amemwambia mara tatu, na mzee akatia sahihi kwamba ameelewa. Daktari alivuta pumzi, akamkabidhi kamba. Mzee akashika njia polepole, akimpapasa farasi shingo na kumpa pole kwa yote aliyotendewa mle ndani.