Mawe Mekundu ya Mama Sanyu

Mama mwenye mtoto wa shule, kaa kidogo usikie yaliyompata Eseza, yule Mganda wa chapati kando ya barabara ya Nimule, huku mtaani Gumbo.

Binti yake Sanyu alisoma ng'ambo ya daraja, kwa mwalimu Mkenya aitwaye Chepkoech. Mwalimu huyo alikuwa na sanduku moja tu la vipande vya kuunganisha: magurudumu, mota, nyaya, na kisanduku cha kushika maagizo wanayoyaandika kwenye kompyuta. Watoto wakaunda roboti, wakaifundisha kutembea, na ikigonga kitu irudi nyuma igeuke. Wageni walipokaribia kuja kuitazama, Sanyu akaruhusiwa kwenda nayo nyumbani akaze magurudumu. Ikiharibika, mwalimu alisema, hakuna nyingine, darasa litakaa bure.

Sanyu alichoka na maswali ya mama yake, akaificha chini ya kitanda. Asubuhi akaenda mtihani, aje kuichukua mchana. Neno hakusema.

Eseza akaingia kufagia. Ufagio ukagonga kitu, taa nyekundu ikawaka, kikalia tii, tii. Akainama. Nyaya!

Sasa, Gumbo nzima ilifundishwa na watu wa kutegua mabomu yaliyobaki ardhini baada ya vita: usiguse, rudi kwa nyayo zako, weka alama nyekundu, ita watu. Eseza aliyashika hayo kama sala. Alitoka kinyumenyume, akikanyaga palepale alipokanyaga akiingia, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akachukua rangi nyekundu iliyobaki alipopaka kibanda, akapaka mawe, akayapanga mbele ya mlango yakiwa bado yanachuruzika. Ndipo akapiga mayowe. Majirani wote wakakimbilia barabarani, chapati zikaungulia kwenye moto.

Jirani yake Lukudu akaja amebeba jiwe kubwa kifuani. "De shunu?" akauliza, hiki ni kitu gani. Ndani kukasikika: ko! Kimya. Ko!

"Tangu lini bomu inatembea?"

"Hii iko ya kisasa," Eseza akamjibu.

Lukudu akasema kikitoa pua nje tu, atakiponda kwa mbali. Wakamwambia ataua watu. Akasema bora kife hicho, nyumba ipone. Alikuwa ameshainua jiwe pale Sanyu aliposhuka kwenye boda, akaelewa yote kwa mara moja.

"Mzee Lukudu, ukilirusha hilo jiwe, darasa letu limekwisha," akasema. "Ni roboti ya shule. Ngoja ifike kwenye mawe."

Eseza akamkamata gauni. "Usivuke, Sanyu."

"Sivuki, mama. Iangalie tu."

Ikatoka mlangoni taratibu, ikiburuta kitambaa cha kichwa cha Eseza. Ikagonga jiwe la kwanza. Tii. Ikarudi nyuma, ikageuka. Ikagonga la pili. Tii. Ikarudi. Pua imekuwa nyekundu kama nyanya, lakini jiwe hata moja haikuvuka.

Lukudu akatua mzigo wake chini. "Malesh," akaiomba radhi roboti, "wewe unaheshimu mawe mekundu kuliko watoto wangu."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sanyu akaiokota, akapanda boda, na wageni wakaonyeshwa roboti yenye pua nyekundu.

Lakini jioni Eseza akakuta watoto wa mtaa wanacheza kwenye yale mawe. Wanakwenda mbio, wanagusa kwa vidole vya miguu, wanasema tii, wanaruka ng'ambo huku wakicheka. Kule nyuma, njia ya kuni, kuna mawe mengine mekundu, na yale hayakuwekwa na muuza chapati, yaliwekwa na watu wa kutegua mabomu.

Akawafukuza, akayakusanya yote, akayasugua kwa mafuta ya taa mpaka viganja vikamwasha. Sanyu aliporudi akachuchumaa akasaidia bila kuambiwa.

Kwa hiyo mama, muulize mwanao ameficha nini, tena muulize kwa upole ili akujibu. Nawe mtoto, sema. Na jiwe jekundu, popote ulionapo, hata kama la jana lilichekesha, rudi nyuma, ugeuke.