Kasuku wa Mke wa Kivuva

Kivuva alikuwa dereva wa lori la masafa marefu. Mwaka wa sabini na nane alirudi kwao kilimani Kilungu kutoka Zaire na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, akiwa ndani ya debe lililotobolewa matundu. Alimpa mkewe, Muthoki. Walikuwa wameoana miaka mingi bila mtoto, na Kivuva alisema angalau sasa atakuwa na kitu cha kulea.

Wanawake wa kilima kile waliitwa kwa majina ya watoto wao. Muthoki aliitwa mke wa Kivuva tu.

Muthoki alimpa ndege jina la Kanini, yaani kadogo kwa lugha yao. Alimlisha njugu kwa mkono na kumzoesha kuja akipigiwa mluzi, kwanza kutoka kitini hadi mezani, halafu kutoka jikoni hadi nyumba kubwa. Alipoona hakosi kuja, akafungua mlango. Siku hiyo kasuku alitua juu ya mkaratusi akakaa huko hadi jua likawa kali, na Muthoki akasimama chini akipiga mluzi mpaka midomo ikakauka. Hatimaye ndege akashuka, akatua begani pake. Tangu hapo alimwachilia kila asubuhi. Kanini alizunguka bonde lote, juu ya matuta na mibuni, na akiona njaa alirudi mwenyewe.

Lakini alikuwa amejifunza maneno. Kivuva akirudi kutoka safari alikunywa, na akilewa alimfokea mkewe, mara nyingine akampiga. Maneno yalikuwa yale yale: "Tasa wewe! Nalisha jiwe!" Kisha kikohozi cha sigara.

Siku moja Muthoki akiwa mtoni na wenzake, maneno hayo yalitoka juu ya mti, kwa sauti ya Kivuva, na kikohozi chake. Kivuva mwenyewe alikuwa safarini. Wanawake waliinamia ndoo zao. Hakuna aliyecheka, wala aliyeuliza.

Muthoki alimfungia ndege ndani kwa aibu. Lakini alipotulia aliwaza jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kuliwaza: kwamba sasa wamesikia. Yeye hakuwa amemwambia mtu. Alama za usoni alisema ni mlango, au ni kuni zilizomwangukia. Sasa hakuhitaji tena kusema. Labda mama mmoja angekuja kumwuliza. Labda wazee wangemwita Kivuva wakamkalisha chini. Akafungua mlango. Maneno yakasikika mashambani, yakasikika mpaka nje ya kanisa watu wakitoka ibada, na Muthoki akangoja.

Aliyekuja ni Nzomo, mzee wa kanisa. Alikunywa chai, akauliza habari za mvua, akasifu mibuni. Kisha akasema washiriki wamelalamika kwamba ndege anatamka mambo yasiyofaa watoto, tena karibu na nyumba ya Mungu.

"Mzee," Muthoki akamwuliza, "mnajua hiyo ni sauti ya nani?"

Nzomo alitazama kikombe chake. "Tunajua, mama. Tumejua tangu zamani, hata kabla ya huyu ndege. Lakini hayo ni mambo ya nyumba yenu. Sisi tunaomba tu ndege akae ndani."

Akaomba, akaibariki nyumba, akaenda. Muthoki alibaki ameketi pale pale. Miaka yote hiyo alikuwa amewaficha watu kitu walichokijua.

Kivuva aliporudi alikuwa ameshaambiwa njiani. Hakufoka, na hilo lilimtisha Muthoki zaidi. Alimshika ndege, akachukua makasi ya kushonea, akakata manyoya ya mabawa yote mawili.

"Sasa ataongea na wewe peke yako," alisema.

Asubuhi Kivuva alitoka akaacha mlango wazi, Muthoki akiwa jikoni anawasha moto. Kanini alitembea hadi ukingo wa ua, pale ardhi inapoteremka ghafla, akajirusha kama kawaida yake. Alipigapiga mabawa, akaanguka kwenye shamba la jirani huko chini. Muthoki alikimbia akipiga mluzi. Ndege alimsikia. Alikuwa anapanda kilima kwa miguu kumfuata, mbwa wa jirani alipomfikia kwanza.

Mwenye mbwa, Mama Nthenya, alikuja na ndizi. "Pole sana kwa ndege," alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Muthoki alizipokea ndizi. Katika ndoa ile yote, hiyo ndiyo pole ya kwanza aliyopewa na mtu wa kilima kile.

Baada ya hapo alifunga nguo zake, akaenda Matiliku kwa kaka yake, Kisilu. Alimweleza yote bila kuficha, akamwonyesha mgongo. Kisilu alisikiliza hadi mwisho, akamwambia mkewe achinje kuku. Walikula vizuri, na Muthoki akalala usingizi ambao hakuwa ameupata muda mrefu.

Kulipokucha Kisilu alikuwa ameshavaa koti, amesimama mlangoni na mfuko wa dada yake mkononi. Alisema yeye hawezi kugombana na shemeji.

"Kwako ni kule, Muthoki," alisema kwa upole.

Alimsindikiza njia yote mpaka Kilungu. Alimsalimia Kivuva kwa heshima, akauweka mfuko ndani ya nyumba, akakataa chai kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Muthoki alimtazama akishuka kilima hadi alipopotea kati ya mibuni. Kisha Kivuva akamwita ndani, naye akaingia.