Ngozi ya Jelagat

Mwaka uliofuata ule wa nzige, Jelagat, mjane wa Kinandi, alianza kusikiliza ibada akiwa nje ya dirisha la kanisa la nyasi, karibu na Eldoret. Ndani hakuruhusiwa. Wazee wa kanisa walikuwa wameamua kwamba anayevaa ngozi bado hajaacha mambo ya kale.

Bintiye Rael, mwimbaji wa kanisa hilo, aliona haya. Akamshonea gauni la kitambaa cha marekani. Jelagat alilivaa Jumapili moja tu.

"Halikukutosha, mama?"

"Lilinitosha. Lakini ngozi hii baba yako aliilainisha kwa mikono yake, akiipaka mafuta mpaka ikawa kama sikio la ndama. Nikiivua, naona kama ninamfukuza nyumbani."

Babake Rael alichukuliwa kuwa mpagazi wakati wa vita vya Wazungu, asirudi. Hata kaburi hawakuwa nalo.

Jioni moja alimsomea mamake habari za Adamu na mkewe, akimfasiria kwa Kinandi. Alipofika pale Mungu anapowavika kabla ya kuwatoa bustanini, akakatisha kusoma.

"Aliwavika nini?" Jelagat akauliza.

"Ngozi, mama."

Jelagat alicheka mpaka akashika mbavu. Rael alilia.

Kesho yake Rael alimwendea mwinjilisti Wanyonyi, mtu wa magharibi aliyekuwa kibarua katika shamba la mzungu. Wanyonyi alisikiliza, akajikuna kichwa.

"Ni kweli imeandikwa. Lakini wazee siwawezi peke yangu. Mwambie mama abatizwe akiwa amevaa gauni. Akitoka majini, tutaona."

Asubuhi ya ubatizo, maji ya mto Sosiani yalikuwa baridi ya kung'ata. Jelagat alizamishwa, akaibuka akitetemeka, gauni limemganda mwilini. Wanyonyi akapanda ukingoni, suruali ikichuruzika maji, akaiokota ile ngozi ambayo Jelagat aliiacha kwenye nyasi na kumfunika nayo mabegani taratibu, kama anayemfunika mama yake mzazi. Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akageuza uso. Hakuna aliyekuja kuiondoa.

Jumapili iliyofuata Jelagat aliingia kanisani na gauni lake, ngozi mabegani. Mwanamke mmoja alihamia benchi la nyuma. Rael akamsogelea mamake mpaka mabega yao yakagusana. Wimbo ulipoanza, Jelagat aliimba kwa sauti kubwa, akikosea maneno bila wasiwasi wowote, na Rael akakosea pamoja naye.